Bunduki Uliyoniachia

Funabashi, 9 Novemba

Mdogo wangu Kazuhiro,

Huku hatujambo. Mama bado anachachua matango yake, na mbwa amezeeka ila kubweka hajaacha.

Nimeifungua ile bunduki yako ya kuchezea. Springi iliruka hadi kwenye bakuli la supu la mke wangu Sumire. Akasema, "Fundi mkubwa, na pasi yangu mwezi wa pili huu?" Nikamwambia apange foleni.

Mikono yangu unaijua. Nyaya nyembamba zote nimeng'oa, nikalehemu nene. Swichi iliyoanza kuungua nimeitupa, nimeweka ya kielektroniki na mota mpya. Ukigusa tu kifyatulio, inaitika. Springi nimeirudisha ileile, maana kuongeza nguvu ni kuvunja sheria. Betri nunua huko. Posta wamekataa kuibeba.

Kabla ya kuifungua niliijaribu. Kwa umbali wa hatua hamsini, kidonge cha plastiki kiligonga kopo.

Miaka minne iliyopita, uliposema umenipiga, nilisema mbele ya timu nzima kwamba bunduki yako haifiki mbali hivyo, na kwamba wewe ni mwongo. Ukahamia Hokkaido. Mchezo wetu wa kulengana hauna refa wa kuona kila kidonge. Anayepigwa huinua mkono mwenyewe, akatoka. Mimi niliendelea kucheza. Wala sikuhitaji kopo kuniambia, kwa sababu kidonge chako nilikisikia begani.

Nimepigwa, Kazuhiro. Naandika kwa mkono mmoja. Wa pili nimeuinua.

Kaka yako,
Shigeki