Ukingo wa Njia ya Matombo

Alhamisi, 28 Machi
Ukingo ule tena, mbele ya Mkuyuni. Mwanga mzuri asubuhi. Mwamba wa kijivu, mikanda myeupe, chembe za ulanga ziking'aa. Mikanda yote inainamia barabarani. Sikupenda: mwamba wa hivyo huteleza. Juu yake nyumba ya Mwanahawa, mtoto wa mama yangu mdogo. Chini, wanawake wanachimba udongo mwekundu wa kukandikia nyumba kabla ya Idi. Shimo limekuwa pango. Wakaniamkia shikamoo, kisha wakacheka: mzee anapiga picha mawe! Niliishi Tabora tangu ujana; nimerudi mwaka jana tu, nakaa Kilakala mjini. Kwao mimi mgeni.

Jumanne, 2 Aprili
Nimelinganisha picha na zile za Januari. Mpera wa ukingoni umeinama. Nyuma ya nyumba kuna ufa; kiganja kinaingia. Mwamba uliokuwa mkavu unatoa maji ya tope. Naogopa.

Ijumaa, 5 Aprili
Nilimpelekea Mwanahawa picha, nikamsihi ahame. Hakuzitazama. Ameujaza ufa udongo, akakandika juu yake, pakapendeza. Wageni wa sikukuu wasione ubovu. Udongo wenyewe umechimbwa chini ya nyumba hiyohiyo.
"Nikishuka, kaka, nani wa tumbo letu atabaki juu?"
Kweli. Kwetu Waluguru ardhi hupitia kwa wanawake, na kilimani amebaki yeye na bintiye Zuhura. Nilirudi na hasira. Kwa nani, sijui.

Jumapili, 7 Aprili
Mvua tangu alfajiri. Ufa umepasua udongo mpya. Wachimbaji wameacha kwa sababu ya mvua, si kwa maneno yangu. Nikamwita Zuhura, nikamwambia kama mjomba wake: Idi mtakula kwangu Kilakala, wewe na mtoto wako. Neno la mjomba halikataliwi. Nilijua mama yake hataweza kubaki peke yake.
"Mjomba! Miaka yote ulikuwa wapi, leo ndiyo umekumbuka cheo?"
Akajitwika godoro, mama yake akafuata.

Alhamisi, 11 Aprili
Ukingo ulishuka jana, watu wakiwa kwenye swala ya Idi. Hakuna aliyeumia. Nyumba haipo.
Sikwenda kupiga picha.
Mwanahawa hajanilaumu, wala hajanishukuru. Asubuhi alifagia uwanja wa hapa kwangu, usio wake. Kisha akauliza Mkuyuni iko upande gani. Nikamwonyesha: nyuma ya mlima. Akageuza kigoda, akakaa akitazama huko.
Nikamwacha. Kukaa hivyo nakujua tangu Tabora.