Tambi za Dagaa kwa Kina Jofrey

Yusta, hebu sikia haya.

Si nimepika zile tambi zangu za Kiitaliano kwa kina Jofrey, Ipogolo. Waitaliano wenyewe wanaweka kamba na pweza, mimi naweka dagaa wa Nyasa na nyanya za Ilula.

Nimetoka kunawa tu. Narudi, mama yake anakoroga sukari sufuriani.

SUKARI, Yusta! Kwenye dagaa!!

"Mwanangu, ulisahau sukari. Tambi gani za chumvi?"

Nikamwangalia mchumba wangu anitetee. Jofrey huyuhuyu aliyekula sahani mbili kwangu Mbeya, akalamba na vidole.

Akacheka. "Afadhali umemwambia, mama. Mimi nilikuwa naogopa."

Ati alikuwa anaogopa!

Mama sina shida naye. Ila huyu alitafuna huku akinisifia. Sasa ile "nakupenda" yake niiaminije?