Ishia Kwenye Paka

Mdogo wangu,

Huku hatujambo. Paka kazalia ndani ya kapu la vitambaa, watoto watano.

Barua hii anakuletea Mama mwenyewe, akidhani ni salamu tu. Mashine ya mionzi ya kutibu saratani iko huko kwenu pekee, safari ya siku mbili.

Zile alama za kalamu walizomchora kifuani huko hospitalini wiki iliyopita, amezisugua zote kwa sabuni. Si unamjua Mama, fundi cherehani wetu: “Nguo haitoki na chaki!” Nilipomweleza ni za kuelekezea mionzi, akaogopa kurudishwa mwisho wa foleni, miezi minne mingine. Akanishikisha kalamu. Nimezichora upya kwa kukisia, na ameniapisha nisiseme.

Akitaka umsomee, ishia kwenye paka. Halafu, kabla hawajawasha mashine, mwambie daktari.

Dada yako,
mwenye mkono uliochora