Nilikimbia Kwenda Ziwani, Wakamchimbia Baba Kaburi

Jumamosi, jioni. Mawingu yamejaa tangu adhuhuri lakini mvua imekataa kunyesha, joto limetanda ndani ya nyumba, na mimi nimekasirika hadi chai ninayokunywa siisikii ladha yake.

Leo hapa nyumbani kwetu, nje kidogo ya Lumino, kumechimbwa kaburi la mtu aliye hai. Mtu huyo ni baba yangu. Na aliyelaumiwa kwa hilo, mbele ya watu wote, ni mimi.

Kosa langu ni kukimbia.

Nieleze kwa utaratibu, maana nikiandika kwa hasira tu sitaeleweka. Nina duka la vyombo mjini Busia, lakini tangu Baba atoke hospitali baada ya kupooza upande mmoja, nilirudi kukaa naye. Yeye alikuwa dereva wa lori la samaki. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa barabara moja, kutoka Majanji ufukweni hadi Tororo, akipita hapa na Busia. Sasa mguu wa kushoto haumtii, anakaa kibarazani, na kutoka pale anaona shamba la muhogo na mlango wa choo, basi.

Nilianza kukimbia asubuhi kwa ajili yangu mwenyewe, kwa sababu kumuuguza mzazi kunachosha na nilikuwa nimeanza kumjibu vibaya. Siku ya kwanza niliporudi natoka jasho, aliniuliza kama ule mvule mkubwa baada ya soko bado umesimama. Nikamwambia umesimama. Kesho yake akauliza mengine. Ikawa ndiyo kazi yangu: nakimbia, narudi, namsimulia barabara.

Kwa hiyo nina njia zangu. Siku za kawaida napita sokoni kabla wauzaji hawajafika, nakwenda hadi bonde la mpunga ambako ndege weupe wanasimama majini bila haraka yoyote. Nikienda Tororo kuchukua mali ya duka nalala kwa rafiki yangu, na alfajiri naukimbilia ule Mwamba wa Tororo, jiwe kubwa lililosimama juu ya mji. Kuna asubuhi ukungu unaufunika kichwa chote, unaona miguu tu ya jiwe. Halafu nashika barabara ya Mwello, katikati ya mashamba ya wimbi, watu wananisalimia kwa Kidhopadhola, lugha yao, nami nawajibu kwa maneno machache niliyonayo, wanacheka, napita. Baba anataka kujua yote hayo. Ananikatiza, ananisahihisha, ananiambia pale si mteremko, ni kona.

Lakini anayoipenda zaidi ni njia ya ziwani, na hiyo naikimbia Jumamosi. Unapanda kilima kilicho karibu na kwa Shangazi Mariamu, dada yake Baba, unahisi mapafu yanataka kupasuka, na ukifika juu ziwa lote linafunguka mbele yako kwa mara moja. Kutoka hapo ni kuteremka hadi ufukweni. Nanunua samaki, narudi kwa boda.

Sasa, huku kwetu mwanamke mzima hakimbii bure. Akikimbia kuna msiba, kuna mwizi au kuna nyoka. Navaa suruali ya mazoezi, gauni refu juu yake na ushungi nimeufunga vizuri, na bado kila wiki kuna mwendesha boda anayesimama kuniuliza kwa Kiswahili cha huku, "Mama, nani nakufa?" Nilikuwa nachukulia ni utani. Vijana wa mpira wanakimbia barabara hiyohiyo kila jioni, kifua wazi, na hakuna anayewauliza kuhusu msiba.

Leo nilimpa Baba uji na dawa baada ya swala ya alfajiri, akalala. Nikafunga mlango kwa komeo la nje, mbuzi wa jirani wasiingie. Simu niliiacha kwenye chaji karibu na kitanda chake. Huwa sikimbii na simu. Ile ndiyo saa pekee ambayo hakuna anayeniita.

Nikafika juu ya kilima nikiwa sina pumzi. Nikasimama, nikaweka mikono yote miwili kichwani, kama anavyofanya kila mkimbiaji ili kifua kifunguke. Nikalitazama ziwa.

Shangazi alikuwa uani kwake anafagia.

Kila mtu wa huku anajua mikono miwili kichwani ni ishara ya msiba. Shangazi akamwona mtoto wa kaka yake, anatoka mbio upande wa kwa kaka yake mgonjwa, amesimama kilimani ameshika kichwa. Nakiri, ningekuwa mimi na ufagio mkononi ningeshtuka vilevile. Lakini ningeuliza. Yeye anasema aliniita nikaendelea kuteremka. Sikusikia, upepo ulikuwa unatoka ziwani.

Akatupa ufagio, akaanza kulia. Jirani akampa simu, akampigia mdogo wangu Haruna aliyeko Busia na magari yake ya mizigo. Haruna akanipigia mimi, tena na tena, na simu ikalia pale kando ya Baba aliyelala usingizi wa dawa. Kwa vile haikupokelewa, Haruna akaona ushahidi umekamilika. Sisi Waislamu hatumcheleweshi maiti, hilo ni kweli na ni jema, na mdogo wangu ni mwepesi kwa mambo ya kuonekana. Akamjulisha sheikh, akatafuta turubai na sanda, akaagiza vijana wa hapa Lumino waanze kuchimba nyuma ya nyumba ili tuzike baada ya adhuhuri. Akawaambia wasifungue mlango mpaka yeye afike.

Wakati huo mimi niko ufukweni. Maji yalikuwa yametulia, rangi ya chuma kilichofutwa. Wanawake walikuwa wanaanika mukene, dagaa wa ziwani, kwenye nyavu, na korongo mmoja mchafu amesimama karibu yao akijifanya hana habari na samaki. Nikachagua samaki wanono aina ya ngege. Nilikuwa najipangia kichwani namna ya kumsimulia Baba yule korongo.

Baba akaamshwa na sauti ya majembe. Kwa mawazo yake, nilikuwa nimeita watu wa kuchimba choo kipya. Akajikokota hadi dirishani.

"Nyinyi nachimba nini hapo?"

"Kaburi ya mzee," mmoja akajibu bila kuinua kichwa.

"Mzee gani?"

Hapo ndipo walipoinua vichwa. Walitupa majembe wakapotelea kwenye muhogo, isipokuwa yule aliyekuwa ndani ya shimo, ambaye lilishamfika kifuani na hakuweza kutoka haraka. Ndiye aliyebaki kuhojiwa. "Mzee, sisi naambiwa wewe nakufa," akasema. "Nani nasema?" "Haruna." Baba alipotazama vizuri akagundua wamemchimbia karibu na marehemu kaka yake Yusufu, ambaye waligombana kwa sababu ya lori hadi Yusufu akafariki bila wao kupatana. Hilo lilimuudhi kuliko kifo chenyewe.

Mimi nafika na boda, samaki mkononi. Naona turubai. Naona wanawake wamekaa chini na wengine bado wanaingia kwa vilio, kwa sababu habari kwamba Baba yu hai ilikuwa haijafika barabarani. Shangazi akanikumbatia.

Niliamini. Naandika hili kwa sababu hakuna aliyenipa pole kwa hilo mpaka sasa: kwa dakika chache mimi nilifiwa. Nikakaa kwenye vumbi, nikajilaumu kwamba nilimfungia mlango na komeo akafa peke yake. Kisha nikasikia sauti ya Baba kutoka ndani ikisema yeye na Yusufu hawalali pamoja.

Furaha ya watu ilidumu muda wa kunywa maji. Baada ya hapo ikawa lazima apatikane mkosaji, na macho yote yakaja kwangu. Haruna alikuwa amefika, kanzu nyeupe, jasho usoni. Huyu Haruna nilimbeba mgongoni mpaka alipoanza shule.

"Dada, wewe natuaibisha," akasema mbele ya watu. "Mama mzima nakimbia barabarani kama mwizi. Leo naona matokeo yake."

Wakaitikia. Wazee wakaitikia, wanawake ninaowauzia sufuria wakaitikia. Shangazi akasema alishanionya. Mmoja akasema mwanamke asiyefukuzwa akikimbia, basi anafukuzwa na kitu kisichoonekana. Sikumsikia mtu hata mmoja akimuuliza Haruna kwa nini alichimba kaburi kabla ya kuuona uso wa maiti. Aliyeweka mikono kichwani ana kesi. Aliyechimba hana.

Nikavua raba zangu kibarazani, nikaingia kumlisha Baba.

Nje wakaanza kubishana kuhusu shimo. Wanawake wazee wakasema kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu, litamwita mtu, lazima uzikwe mgomba ndani yake. Sheikh akakataa, akasema hayo si mafundisho yetu, rudisheni udongo mwende nyumbani. Shangazi akakataa kuondoka bila mgomba. Sauti zikapanda. Ndipo nikasikia kicheko, kicheko kikubwa cha wanaume, nikatoka.

Haruna alikuwa amezichukua raba zangu pale kibarazani na kuzitupa kaburini. "Haya, tumezika mbio," alisema, na hilo ndilo walilolicheka. Nilipofika, vijana walishaanza kujaza udongo. Waliokimbia asubuhi walikuwa wamerudi, na sasa walifanya kazi kwa bidii. Sheikh alitikisa kichwa akaenda zake. Shangazi aliridhika.

Raba zile nilizichagua mwenyewe kwenye mitumba ya Busia, nikazijaribu mbele ya watu, muuzaji akaniuliza ni za mwanangu yupi. Nilizivaa miezi ile Baba alipokuwa hawezi hata kushika kijiko, nilipokuwa nakwenda hadi bonde la mpunga nikilia nikirudi kavu. Zimezikwa kwa utani ili watu wapate kucheka baada ya kusumbuliwa bure. Na samaki wangu wakapikwa wakaliwa na haohao, kwa sababu waombolezaji hawaachwi waende na njaa.

Watu walipotawanyika, Haruna alibaki kuhakikisha viti vya kukodi vimetimia. Baba akaniita. Nilidhani atanipa pole, lakini Baba si mtu wa kutoa pole.

"Ziwa nakaa namna gani leo?" akauliza.

Nikamwambia sijui. Nikamwambia sitamsimulia ziwa wala bonde wala Mwamba wa Tororo tena, kwa sababu sina raba na sina hamu, na kwamba kuanzia sasa aitazame barabara kwa kichwa chake. Nilisema kwa ukali. Akageuza uso dirishani, kule kwenye muhogo. Nilijuta kabla sijamaliza kusema, lakini sikuyarudisha maneno.

Kisha akamwita Haruna.

"Gari yako iko na mafuta?"

"Iko, Baba." Haruna alishika funguo papo hapo. Alifikiri anataka kupelekwa hospitali.

"Si sasa. Kesho asubuhi wewe nakuja. Nanibeba, naniweka mbele. Dada yako nakimbia, wewe nafuata nyuma yake mpaka ziwa. Lumino yote nasema mimi nakufa. Wacha wanione."

Haruna akanitazama, akamtazama Baba. "Baba, watu nacheka."

"Leo nacheka, mimi nasikia hapa ndani. Kesho nacheka tena. Wewe naendesha tu."

Huku kwetu mtoto wa kiume mwenye magari yake bado hamkatalii baba yake, hasa baba ambaye asubuhi alimwagizia sanda. Akasema sawa, akatoka. Nikasikia gari linaondoka kwa hasira.

Sasa nimeketi na raba za shule za binti yangu, alizoziacha hapa likizo iliyopita, zinanibana vidole, na nimezikata kidogo nyuma kwa kisu ili ziniingie. Baba ameshaomba kanzu yake nzuri ipigwe pasi. Hajaliona ziwa tangu aanguke, na sijui atafanya nini tukifika kileleni, atanyamaza au atalia au atanisahihisha kwamba nilimdanganya kuhusu kona. Nimejaribu kujilaza kidogo nikashindwa kwa kulifikiria hilo.

Hasira haijaniisha. Huwa nikiwa na hasira nakimbia mbio sana, lakini kesho nitajizuia. Kutoka mlangoni petu, katikati ya soko, mbele ya kila mtu aliyecheka, nitakimbia polepole kabisa, na Haruna atanifuata kwa gia ya kwanza hadi majini.