Dadu na Miche ya Sabuni

Beatha, nimeharibu. Nimemliza Mzee Nicolaus mbele ya ofisi nzima.

Si ule mchezo wetu wa saa ya chakula? Mimi nasimulia, wao wanaigiza, dadu inaamua. Leo nikauweka mwaka 83, enzi za foleni za sukari na msako wa walanguzi. Mzee akachagua kuwa mama anayepanda mlima kurudi kijijini kwake Chome na miche mitatu ya sabuni kaificha kwenye kanga.

Akatupa dadu. Ikaja moja, namba ya mkosi. Nikapayuka, "Mgambo wamekukamata, mlanguzi wewe!" Watu wakacheka.

Yeye akaitazama dadu, machozi yakimtoka. "Hata leo?"

Hata leo, Beatha! Kumbe yule mama aliyekuwa anamwigiza ni mama yake mzazi. Alikamatwa hivyohivyo, hakurudi.

Nikamwambia atupe tena. Akanirudishia dadu mkononi.

"Acha tu, mwanangu. Nilitaka leo afike nyumbani."