Anemoni Wako Anaumwa

Baba Nyota,

Anemoni wako anaumwa. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nimekula. Usibishe, nakufahamu. Ulikuwa unarudi kutoka kwenye kibanda chako cha kutengeneza simu, unaniambia "jambo" ukiwa umeshapinda kuelekea kwenye tangi lako la kioo. Nilimwonea wivu, nikuambie ukweli. Mwanamke mzima wa mji wa Baraka, kumwonea wivu mnyama wa baharini asiye na macho wala miguu.

Sasa nimebaki naye mimi, na sijui nimfanye nini.

Amekunjamana. Ile mikono yake mingi iliyokuwa ikichezacheza majini ameiingiza ndani, amekuwa kama soksi iliyovuliwa. Rangi imempotea. Pampu inatoa hewa, taa inawaka kila batri inapokubali, lakini yeye ameliachia jiwe ulilomwekea, amejikokota mpaka kwenye pembe ya nyuma kusiko na mwanga. Binti yako aliniuliza kama anatafuta mlango. Nilicheka, halafu nikalia, halafu sikujua nalilia nini.

Ngoja nikueleze matanga yalivyokuwa. Unajua kwetu mfiwa hashiki kazi. Tulipokuleta kutoka hospitali ya Nundu, kina mama wa kanisa waliniketisha kwenye mkeka wakaichukua nyumba yote mikononi mwao: jiko, vyombo, Nyota, na mnyama wako pia. Jirani yetu Mama Furaha ndiye aliyemshika. Alikuja kuniuliza anakunywa nini, nami nikamjibu kitambaa kikiwa usoni, "Maji ya chumvi." Hilo tu. Basi kila maji yalipopungua chini ya ule mstari uliouchora kwa rangi yangu ya kucha, alichukua bidoni la njano, lile lenye maji uliyoyachanganya na chumvi uliyoileta kutoka Dar es Salaam pamoja na mnyama mwenyewe, akajaza mpaka mstarini. Akichoka, mwenzake anajaza. Niliwasikia wakiambiana, "Ongeza tu, mama, iko na kiu." Yale ya bidoni jeupe, maji ya mvua, waliyapikia chai ya wageni. Nani angewakataza? Maji safi yamekaa bure, na nyumba imejaa watu.

Kile kipimo chako cha chumvi kinachoelea majini kilivunjika siku ya mazishi, watu walipohamisha meza ili jeneza lipite. Nilisikia kikivunjika. Sikugeuka.

Kuna jambo baya zaidi. Watu wanasema mnyama wako ndiye aliyekumaliza. Wanasema ulimtoa baharini akupe utajiri, ukawa unamlisha vipande vya ndakala kwa kibano, mpaka siku moja samaki hawakumtosha. Utajiri upi, mimi sijui, labda ile baiskeli yako isiyo na breki. Ningecheka kama maneno hayo yangebaki sokoni. Lakini Alimasi, mdogo wako wa tumbo moja, alikuja akasimama mlangoni, akakataa kuingia. "Shemeji, ile kitu haiwezi kulala mu nyumba ya mutu mwenye alikufa," alisema. "Siku ya posho tukimaliza matanga, nitaitupa mu ziwa." Jumamosi yenyewe ni keshokutwa.

Sikumkatalia. Ukiniuliza kwa nini, sijui. Homa ilikupanda ukiwa bado mtu wa kubeba mfuko wa saruji begani, na wiki haikuisha. Sijapata sababu. Mtu akiniletea sababu, hata ya kijinga, najikuta namvutia kiti akae. Kuna wakati nilisimama mbele ya kioo nikamuuliza mnyama wako, "Ni wewe?" Halafu nikaona aibu, nikaenda kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Nampenda au namchukia, siwezi kukuambia. Najua tu kwamba ziwani hatamaliza hata asubuhi moja, wewe mwenyewe ulisema maji ya ziwa yatamuua, na nafikiri Alimasi naye anajua.

Jana nilikuwa nafuta kioo. Juu yake, ukingoni, kulikuwa na ukoko mweupe. Nikaukwangua kwa kucha, nikaonja: chumvi. Nikachovya kidole majini, nikaonja tena. Baba Nyota, maji yale yalikuwa makali kuliko ya beseni ninamotilia chumvi samaki wa kuuza. Beseni lile nikilisahau juani, maji yanakwenda zake na chumvi inabaki chini. Nalijua hilo tangu nikiwa mtoto mgongoni kwa mama. Kwenye tangi lako pia ni maji tu yaliyokuwa yanapungua. Chumvi haikwenda popote, nasi tulikuwa tunamwongezea nyingine kila siku, kwa huruma.

Kumbe yale ya mvua ndiyo ulikuwa unamwongezea. Na mimi nilivyokuwa naling'ang'ania lile bidoni. "Unanyima mutoto maji ya kufulia juu ya mauwa?" nilikuambia, nawe ukajibu tu, "Haiko mauwa, Mama Nyota, iko munyama." Hukunieleza zaidi ya hapo. Au ulinieleza nami nikawa nasikiliza redio. Najaribu kukumbuka ni lipi kati ya hayo mawili, na siwezi, na ni kitu kidogo sana cha kumkosesha mtu usingizi.

Mama Furaha nilipomwonyesha ule ukoko alikaa chini sakafuni. "Mi ndiyo niliua yeye?" aliniuliza. Nikamwambia, "Hapana, kwanza hajafa, na hata akifa si wewe." Alikuwa analia kama vile tunazungumza habari zako. Labda tulikuwa tunazungumza habari zako.

Leo asubuhi mvua ilinyesha, nikakinga sufuria chini ya bati. Nilitoa kikombe cha maji yake, nikatia kikombe cha mvua, nikasubiri. Nikatoa kingine, nikatia kingine. Sithubutu kufanya haraka. Kama nimekosea, basi nitakuwa nimemuua mimi kabla ya Alimasi kufika, na watu watasema waliona sawa.

Mchana huu niliingiza kidole. Ulinikataza, ndiyo, lakini kwa kumtazama tu siwezi kujua mzima yukoje na mfu yukoje. Nilimgusa pale kwenye mkunjo. Hakufanya kitu. Nikakaa. Halafu mikono yake michache ikatoka, polepole, imepauka, ikanata kwenye ncha ya kidole changu na kuvuta kidogo. Sikuutoa mkono mpaka Nyota aliponiita tule.

Kama anapona au anaaga, sijui. Kama namtunza kwa ajili yako au kwa ajili yangu, hilo nalo sijui, usiniulize. Alimasi atakuja Jumamosi na ndoo yake. Atanikuta nimeweka kiti mbele ya kioo, nimekalia. Akiniuliza hiki ni nini, nitamwambia sielewi, lakini kiko hai, na kisichokufa hakitupwi katika nyumba hii. Nakuahidi sitainuka kwenye kile kiti, hata wakiita mchungaji, hata wakiita ukoo mzima.

Pumzika, mume wangu. Usinikasirikie kwa kidole. Kule Nundu nilikushika mkono tangu asubuhi, nikakuomba unifinye kidogo tu nijue unanisikia, nikakuomba mpaka muuguzi akaniambia, "Mama, muachilie." Hukunifinya. Mnyama wako alinishika.

Mkeo,
Mama Nyota