Shule Tuliyoijenga, Ukasoma Wewe

Mpendwa mdogo wangu Zaina,

Mama amenipa habari kwamba umefanywa makamu mkuu wa shule huko Handeni. Wapishi wenzangu hapa shuleni walipiga vigelegele, nami nikapiga. Kisha nikaenda nyuma ya stoo ya kuni nikakaa peke yangu. Ni wivu, Zaina. Miaka yote hii nimeuita uchovu, nimeuita maumivu ya kichwa. Leo nauandika kwa jina lake.

Unaikumbuka sekondari yetu kabla haijawa shule? Kilikuwa kichaka tu hapa Magoma, kando ya mashamba ya mahindi. Kila kaya ilitakiwa kutoa mtu wa kazi, na kwetu mtu huyo nilikuwa mimi. Wewe ulikuwa darasa la tano. Nilibeba maji ya kufyatulia matofali, ndoo baada ya ndoo, mpaka nywele za utosini zikanyonyoka. Ulikuwa unaniletea uji, unauliza, "Dada, wewe utakaa wapi?" Nami nakuonyesha dirisha. Baba alikuwa ameniahidi: shule ikiisha, nitasoma.

Ilipofunguliwa, baba alinipeleka kwa mkuu wa shule. Alitusikiliza kwa heshima, akafungua orodha.

"Mzee wangu, hawa ni waliofaulu mwaka huu. Binti yako alimaliza darasa la saba miaka mitatu iliyopita. Sina namna."

Jina lako lilikuwa la nne kwenye orodha ile. Baba alilisoma kwa sauti, akalirudia.

Basi ukavaa sketi ya buluu, nami nikawa naipiga pasi. Tulipopukuchua mahindi ulikuwa unakariri masomo yako, na mimi nikayashika bila daftari. Siku moja ulikosea sehemu za ua, nikakusahihisha. Ukacheka kwa furaha ya kweli: "Dada, wewe ungenishinda!" Sikusema nawe siku mbili. Ulidhani naumwa, ukanichemshia maji ya mchaichai.

Sasa nikuambie habari ya blauzi. Siku moja kabla ya mahafali yako ya kidato cha nne, niliiloweka blauzi yako nyeupe pamoja na kanga mpya nyekundu ya mama. Nilijua kanga ile inachuja. Niliisugua humo kwa makusudi. Mama alipoanza kunifokea, ukamzuia: "Mwache, mama. Dada hakujua."

Nilijua, Zaina. Ukaenda na ile blauzi yenye mabaka, ukasoma risala mbele ya kata nzima, habari za shule tangu msingi ulipochimbwa. Wazee walisimama kukupigia makofi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikatamani ungekosea japo neno moja. Hukukosea.

Mwezi uliopita mkuu wa shule wa sasa aliniomba niache sufuria ya makande kidogo, niwasimulie kidato cha kwanza jinsi shule ilivyojengwa. Nilisimulia vizuri, nikawachekesha. Mwishoni binti mmoja akasimama. "Shikamoo, mama. Wewe ulimaliza hapa mwaka gani?"

Nikamtajia mwaka wako.

Darasa zima likanipigia makofi, na nakuambia ukweli, yalikuwa matamu. Lakini siku ile sikuweza kula. Kesho yake, kabla ya kengele ya kipindi cha kwanza, nilirudi mbele yao na aproni yangu. "Jana niliwadanganya. Aliyemaliza mwaka ule ni mdogo wangu. Mimi sikusoma hapa." Hakuna aliyecheka. Yule binti akauliza taratibu, "Ulitaka kusoma, mama?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, hata baba. Nililia mbele ya watoto wa watu, Zaina, hadi mwalimu akanishika bega.

Nisamehe kwa ile blauzi. Kwa wivu siombi msamaha, maana bado ninao, na nikiukana nitakuwa nakudanganya tena. Lakini njoo likizo hii. Umekaa mno huko bila kuja, na nadhani ulikuwa unauhisi wivu wangu. Nitakapokuona unashuka na mkoba wako wa kazi, moyo utaniuma. Njoo hivyo hivyo. Afadhali nikuonee wivu ukiwa umekaa karibu yangu.

Ni mimi, dada yako wa tumbo moja.